Kuingia Ngomeni kwa Mlango wa Kisima

Mhadhara uliotolewa Kinna, Kaunti ya Isiolo

  

Nimeombwa nizungumze juu ya ngome za kale na haja ya kuzitembelea. Najua swali mlilo nalo: sisi wa Kinna tuna ngome gani? Hapa hakuna buruji wala lango la chuma. Aliyejenga nyumba hapa zama za kale aliijenga ya kuhamishika, akaibeba juu ya ngamia, na ardhi ikabaki bila alama ya msingi. Kwa hiyo ngome huonekana jambo la watu wa pwani, au la Wazungu, na kuzitembelea huonekana anasa ya mwenye fedha na muda.

Mimi nashikilia kinyume chake. Nasema kwamba mtu aliyelelewa kisimani ndiye msomaji bora wa ngome. Watalii wengi huingia ngomeni kwa njia ya mizinga. Huitazama, huipapasa, husimama mbele yake wapigwe picha, kisha huondoka. Lakini mizinga haikuamua hatima ya ngome nyingi. Zilishikwa au zikapotea kwa sababu ya maji, chakula na maradhi. Nyinyi mnaijua habari ya tula, vile visima virefu vya nchi ya Borana upande wa Ethiopia, ambako vijana hujipanga tangu chini kwenye maji hadi juu kwenye mwanga, wakipokezana ndoo kwa wimbo. Mnajua kazi ya abba herega anayepanga zamu za mifugo. Mnajua kwamba kisima kina ukoo na kina sheria, na kwamba mgeni asiyeomba ruhusa hatanywesha. Mwenye elimu hiyo akiingia katika ngome yoyote duniani, swali lake la kwanza litakuwa ndilo hasa la kuuliza: watu wa humu walikunywa nini?

Niruhusuni nianzie mbali, katika nchi ya Austria, kwa sababu Austria na sisi tuna ujirani ambao wengi hawaufikirii. Ndani ya Mbuga ya Meru, iliyo mlangoni mwenu, kuna kaburi la simba jike aitwaye Elsa, aliyekufa Januari 1961. Aliyemlea ni Joy Adamson pamoja na mumewe George, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake Isiolo. Joy alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo katika dola ya Austria na Hungaria, akasoma Vienna, akafika Kenya mwaka 1937. Aliuawa Shaba, kaunti hii hii, tarehe 3 Januari 1980, na majivu ya mwili wake yakaletwa Meru, kando ya makaburi ya wanyama aliowapenda. Basi vijana wanaowapeleka wageni kwenye kaburi la Elsa tayari wanaelezea maisha ya mtu aliyetoka katika nchi ya ngome.

Ujirani wa pili ni mkubwa kuliko huo. Machi 1888, msafara wa Wazungu Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini yetu. Wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likadumu kwenye ramani hadi mwaka 1975, serikali ya Kenya ilipoliita Turkana. Rudolf mwenyewe hakuliona ziwa hilo. Alikufa Januari 1889 katika nyumba yake ya kuwindia huko Mayerling, katika misitu ya mashambani karibu na Vienna. Baba yake, Franz Joseph, aliifanya nyumba ile kuwa makao ya watawa, na chumba alichofia mwanawe kikajengwa kanisa. Wageni wanaitembelea hadi leo. Mnapoisoma habari hiyo, msiache kuuliza ni nani aliyeuongoza msafara wa Teleki. Alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani, aliyejua njia, lugha na bei za pembe kabla Mzungu yeyote hajaota kufika huko. Ziwa halikuitwa Kimemeta.

Nimelitaja hilo kwa sababu ndiyo tabia ya majengo makubwa na majina makubwa: hutukuza mwenye amri, huficha mwenye jasho. Mwenye kutembelea ngome asipojihadhari, atarudi nyumbani na majina ya wakubwa peke yao.

Austria ina ngome nyingi, na zilizo nyingi ziko mashambani, juu ya majabali, katikati ya mizabibu na malisho ya ng'ombe. Katika mkoa wa Burgenland, karibu na mpaka wa Hungaria, iko ngome ya Forchtenstein, mali ya ukoo wa Esterházy. Waosmani, yaani Waturuki, hawakuwahi kuiteka. Wageni huonyeshwa silaha nyingi na hazina ya ukoo, lakini jambo la kustaajabisha zaidi humo liko chini ya miguu: kisima chenye kina cha mita 142, kilichochimbwa kwenye mwamba. Masimulizi ya ngome yanasema kwamba waliochimba ni mateka Waturuki. Hebu mtu wa kisima afikirie mita 142. Afikirie kushuka na patasi na nyundo, afikirie hewa ya chini, mawe ya kupandishwa kwa kamba, na miaka iliyoliwa na kazi hiyo. Mabwana wa Forchtenstein walijilinda dhidi ya Waturuki kwa maji yaliyotolewa ardhini na Waturuki. Kwangu mimi hakuna mzinga wowote ndani ya ngome ile unaoeleza vita vya karne ya 17 kama kinavyoeleza kisima hicho.

Kusini, katika mkoa wa Carinthia, kuna Hochosterwitz. Njia ya kupanda ngome hiyo huzunguka jabali na kupita malango 14, na adui aliyevunja lango moja alijikuta mbele ya jingine, juu yake walinzi wakiwa wanamngoja. Wafugaji mtalifurahia simulizi lake. Inasemwa kwamba ngome ilizingirwa zamani, chakula kikaisha, wakabaki na ng'ombe dume mmoja na gunia la nafaka. Wakamchinja yule ng'ombe, wakamjaza nafaka tumboni, wakamrusha chini kwa adui. Adui akasema: watu wanaotupa nyama na nafaka wana akiba isiyokwisha. Akavunja kambi akaenda zake. Simulizi hili husimuliwa pia juu ya ngome nyingine za Ulaya, kwa hiyo silileti kama historia. Nalileta kwa sababu linaonyesha kwamba hata wenyewe walijua ngome hulindwa na ghala lake.

Na kwenye ukingo wa mto Danube kuna magofu ya Dürnstein. Humo alifungwa Richard, mfalme wa Uingereza, alipokuwa akirudi kutoka kupigana na Salahuddin al-Ayyubi. Alikamatwa Desemba 1192 na Leopold, mtawala wa Austria, waliyekuwa wamegombana naye huko vitani. Ikalipwa fidia kubwa sana ya fedha, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kujenga kuta za Vienna na kuanzisha mji wa Wiener Neustadt. Wakulima wa Uingereza walitozwa kodi, na kodi hiyo ikawa kuta katika nchi ambayo hawakuijua hata kwa jina. Siku hizi watu hupanda mlima ule kwa miguu kutoka kijijini, na walio wengi hupanda kwa ajili ya kuutazama mto.

Sasa tushuke pwani yetu, maana huko ndiko ninakotaka mwende, na huko ndiko mtakakojikuta.

Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na sehemu kubwa ikawa tayari mwaka 1596. Aliyechora ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyemtumikia mfalme wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Mafundi waliletwa kutoka Goa, na vibarua kutoka Malindi, ambayo mtawala wake alikuwa rafiki wa Wareno na hasimu wa Mombasa. Ngome ilikaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni za mawe hayo hayo ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukitazama kutoka upande wa bahari maji yakiwa yamekupwa, utaona vigumu kujua mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Tarehe 16 Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan aliingia ngomeni na watu wake. Huyu Wareno walikuwa wamemchukua akiwa mtoto, wakamlea Goa, wakambatiza jina la Dom Jerónimo, kisha wakamrudisha Mombasa aitawale kwa niaba yao. Siku hiyo alimuua kapiteni wa ngome, akairudia dini ya baba zake, na Wareno wa mjini wakauawa. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa akawa anawawinda Wareno baharini, mpaka alipofariki Jeddah mwaka 1638. Ngome yenye kuta imara kuliko zote za pwani iliangushwa kwa siku moja na mtu aliyepitia mlangoni.

Mzingiro mkubwa ulianza Machi 1696, majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yalipofika. Ulidumu hadi Desemba 1698, miezi 33. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na mamia ya watu wa pwani walioshikamana nao, wake kwa waume na watoto. Hapo ndipo somo la maji na maradhi linapoonekana. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Meli za msaada zilipotoka Goa zilileta watu wapya, na watu wapya wakafa vile vile. Katikati ya mwaka 1697 makapiteni wote walikuwa wamekufa, na ngome ya mfalme wa Ureno ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, jamaa zake kumi na kitu, wanaume Waafrika wachache, na wanawake Waafrika wapatao 50.

Naomba tusilipite jambo hili haraka. Kwa wiki kadhaa, ngome inayotajwa vitabuni kuwa ya Wareno ilishikwa na mtu wa kisiwa cha Pate na akina mama. Walipanda kuta, wakalinda zamu, wakagawa maji na chakula kilichobaki. Tunalijua jina la Bwana Daud. Majina ya wale akina mama hayakuandikwa. Nimewahi kusimama mbele ya birika la maji ya mvua mle ndani, nikawafikiria wao kuliko manahodha wote. Msaada mwingine ulikuja baadaye, na moja ya meli zilizouleta, Santo António de Taná, ilizama mbele ya ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia walichimbua mabaki yake kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyopatikana vimewekwa makumbusho. Lakini mnamo Desemba 1698 Waomani walipopanda ukuta, ndani walikuta watu wachache mno, wagonjwa na waliochoka.

Mkienda, ombeni muonyeshwe birika hilo, na pia kisima kirefu kilichochimbwa baada ya Waomani kuitwaa ngome. Maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuogea na kufulia. Tazameni pia ukuta ambao askari wa Kireno walichora meli kwa makaa na udongo mwekundu. Watu waliochoka kungoja meli huchora meli. Baadaye ngome ilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui, katika zama ambazo Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi yake mjini, hadi Seyyid Said wa Unguja alipoitwaa mwaka 1837. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya jela, ikabaki jela hadi 1958. Mwanaakiolojia James Kirkman akaichimba na kuitengeneza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Miaka 63 ya jela ni mingi, na humo mlipita watu wetu wengi kuliko Wareno wote waliowahi kuilinda. Vibao vya maelezo bado vinasema mengi juu ya Wareno na machache juu ya wafungwa. Hilo ni kosa, na litarekebishwa tu na wageni wanaouliza.

Tokeni Mombasa mpande kaskazini hadi Gede, kilomita chache kabla ya Malindi. Gede si ngome kwa maana kamili, ni mji wa mawe uliozungushiwa ukuta, ndani ya msitu. Una msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba zenye vyoo na mabirika, na visima. Watu waliuhama katika karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Kwa nini waliuhama? Watafiti hutaja sababu kadhaa. Moja ni maji: visima vilikuwa vinakauka, wakaendelea kuvichimba chini. Nyingine ni vita vya pwani. Na ya tatu ni Waoromo, waliokuwa wakisogea kusini kutoka bara na kuusukuma ukingo wa nchi ya Waswahili.

Waoromo, yaani ndugu zenu. Boran, Orma wa mto Tana, na wengine wa lugha moja. Mtu wa Kinna akiingia Gede hatembelei habari za wageni. Yumo ndani ya kisa, upande wa nje wa ukuta. Katika simulizi za pwani jamaa zake ni watu wa mkuki wanaotokea nyikani, wasio na jina wala sababu. Hakuna anayeeleza kwamba nao walikuwa na visima, na ng'ombe wanaohitaji malisho, na ukame uliowasukuma. Ni nani atakayekieleza kisa hicho kutoka upande wa pili? Profesa wa Nairobi anaweza, lakini bora aeleze kijana aliyesikia kwa babu yake jinsi koo zilivyogawana maji. Natamani niishi nimwone kijana wa Kinna amesimama kwenye kisima cha Gede, akiwaeleza wanafunzi wa Malindi jambo hilo kwa Kiswahili safi, nao wakimsikiliza kama jirani.

Mkiwa na nguvu ya kuendelea, fikeni Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mashua kutoka Lamu huingia kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, na lazima maji yawe yamejaa, yakikupwa mtakaa matopeni mkisubiri. Kisha ngome inajitokeza mwisho wa mkondo. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni, wachonga milango na mafundi wa ngozi. Katika miaka ya 1840 mtawala wake, Bwana Mataka, aliyashinda majeshi ya Seyyid Said yaliyotoka Unguja yakiwa na meli na mizinga. Ni mwaka 1863 tu, baada ya kifo chake, ambapo Unguja iliweza kuutiisha mji huo, na mwanawe Mohamed akaishia kifungoni Fort Jesus. Oneni jinsi ngome zinavyozungumza: aliyelelewa karibu na ngome moja anafia ndani ya nyingine.

Na mke wa Bwana Mataka alikuwa nani? Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha unaosomwa shuleni na vyuoni mpaka leo. Aliutunga mwaka 1858, yeye akiwa mgonjwa na mumewe akiwa amekwisha kufa. Utendi huo umedumu vizuri kuliko ngome, ambayo imelazimika kutengenezwa tena na tena. Akina mama mlio hapa, mkifika Siyu tafuteni habari zake kabla ya habari za mizinga.

Kuna nyingine nitazitaja kwa kupita. Lamu ina ngome iliyomalizika yapata 1821, baada ya vita vya Shela, ikawa jela hadi 1984, na sasa ni mahali pa maonyesho na mikutano katikati ya soko. Huko Migori, mbali kabisa na bahari, kuna Thimlich Ohinga, boma kubwa la mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, lenye milango mifupi inayomlazimu anayeingia kuinama. Liliingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Lilijengwa na wafugaji na wakulima kwa ajili ya watu na ng'ombe wao. Mfugaji wa Kinna atalielewa boma hilo mara moja, pengine kuliko mwenyeji wa Mombasa.

Sasa nirudi kwa swali la mwanzo: sisi wa hapa tuna nini cha kuonyesha? Hapa nitasema jambo zito, na naomba radhi kwa wazee ambao litawagusa.

Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Wilaya za Mpaka wa Kaskazini. Vita vilivyoitwa vya shifta vilidumu hadi mapatano ya Arusha, Oktoba 1967. Ndani ya miaka hiyo, kuanzia 1966, watu wa Isiolo waliamriwa kuhamia katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, Garba Tulla, Merti na kwingineko. Ruhusa ya kutoka ilikuwa ya askari. Mifugo iliyokutwa nje ilipigwa risasi au ikachukuliwa, na iliyofungiwa ndani ikafa kwa kukosa malisho. Wazee wanaziita zama zile Gaafa Daba. Mnajua kuliko mimi ni familia ngapi ziliingia vijijini zikiwa na mamia ya ng'ombe zikatoka bila hata mbuzi. Na sheria za hatari ziliendelea kutumika kaskazini kwa miongo kadhaa baada ya mapatano hayo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ngome za Austria na za Mombasa zilijengwa ili kumzuia adui asiingie. Zile za kwetu zilijengwa ili kumzuia raia asitoke. Hazikuwa na matumbawe wala buruji, zilikuwa za miiba na waya, kwa hiyo hazikuacha gofu la kupigwa picha. Lakini ni ngome. Zilikuwa na lango, na mlinzi, na zamu, na njaa, na maradhi, na kisima ambacho watu waliruhusiwa kukifikia kwa saa zilizopangwa. Kila mnachojifunza Fort Jesus kitawafaa kwa kuisoma Garba Tulla. Ndiyo maana nasema mwende. Sitaki mwende kushangaa ufundi wa wengine halafu mrudi mkijiona watu wasio na historia. Nataka mrudi na maswali, myaulize hapa.

Serikali ilipotaka, ilihifadhi mahali pa mateso. Kapenguria kuna makumbusho kwenye jela walimofungwa Kenyatta na wenzake watano, na Maralal, jirani yetu, nyumba aliyozuiliwa Kenyatta mwaka 1961 imehifadhiwa. Hakuna sababu ya haki inayofanya vijiji vya 1966 visihifadhiwe. Sheria ipo: Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali penye historia kuwa turathi inayolindwa, na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti wajibu wa shughuli za utamaduni, yakiwemo makumbusho na maktaba. Kinachokosekana ni ombi lililoandikwa vizuri, lenye ramani, majina na ushahidi wa watu.

Ombi hilo haliwezi kuandikwa Nairobi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi alipoingizwa kijijini mwaka 1966 leo ni mzee, na wale waliokuwa watu wazima wamebaki wachache. Walimu wa Kinna, nawaomba muwape wanafunzi kazi wakati wa likizo: kila mmoja amhoji mzee mmoja wa nyumbani kwake, aandike alikuwa kijiji gani, lango lilikuwa upande gani, maji yalitoka kisima kipi, nani alipanga zamu, ng'ombe wangapi waliingia na wangapi walitoka. Andikeni kwa Kiboran mzee akisema Kiboran, tafsiri itafuata. Vijana wa mbugani, nyinyi mnajua kusoma ramani na mna simu zenye kamera, nendeni na wazee kwenye zile sehemu, mpige picha za alama zilizobaki na mwandike mahali zilipo. Viongozi wa kaunti mlio hapa, tengeni fungu la kupeleka darasa moja kila mwaka Mombasa na Gede, na fungu jingine la kuyatunza maandishi hayo katika maktaba ya Isiolo, ambako mtoto yeyote anaweza kuyasoma bila kulipa.

Anzeni na majina ya visima, kwa sababu wazee wanayakumbuka kwa mpangilio, na kila jina litawaleta kwenye ukoo, na kila ukoo utawaleta kwa watu waliokuwepo. Anzeni likizo hii.